Posa Kutoka Aberdeen

Jumapili, 28 Septemba 2003

Leo imeletwa posa nyumbani kwetu Hounslow, na mimi nimeshinda jikoni nakaanga sambusa. Ndiyo kazi ya mwanamke aliyekwisha kuolewa akaachwa: siku ya posa ya mdogo wake anapika, anapita na sinia, na anaonekana amefurahi. Na kweli nimefurahi. Zainab ana miaka thelathini na mbili, na akina mama wa Kizanzibari wa hapa London wakiutaja umri huo huutaja kwa sauti ya chini, kama wanataja maradhi.

Mshenga alikuwa Mzee Msabaha, Mpemba wa Tooting, ambaye nusu ya ndoa za watu wetu mjini hapa zimepita mkononi mwake. Alikaa sebuleni na Ami Seif, ndugu wa marehemu baba, ambaye ndiye walii wetu, msimamizi wa ndoa zetu. Sisi tulisikiliza nyuma ya mlango. Mzee alizunguka weee, akausifu ukoo, akaisifu chai, mwisho akasema kuna watu wa kwetu wanaokaa Aberdeen, huko Scotland, wanaomba binti yetu kwa ajili ya kijana wao Ziyad, mhandisi wa mitambo ya mafuta baharini. Jina la binti hakulitaja, maana kwetu jina la mwanamke halitajwi mbele ya wanaume siku ya posa. Ami Seif naye hakuuliza. Binti wa kuposwa nyumba hii ni mmoja.

Wameleta halua ya Muskati, udi, marashi na vitambaa viwili vya hariri, posa ya kimwari hasa, ya binti asiyewahi kuolewa. Mama amemsindikiza mzee mpaka mlangoni akarudi kimya, akaanza kuosha vikombe ambavyo nilikwisha kuviosha. Jibu litatolewa baada ya Idi.

Jumanne, 30 Septemba

Zainab ameniuliza Aberdeen iko wapi. Nikamwambia juu kabisa, ukipita hapo unakutana na barafu. Hakucheka.

Jumapili, 5 Oktoba

Ami Seif anataka kijana aulizwe. Hilo halina mjadala, mposaji huulizwa kwa majirani, kazini na msikitini, kimyakimya, na mtu asiyejulikana. Tatizo ni kwamba Aberdeen hatumjui mtu. Ami akasema aende Ghalia, ndiye mimi, atajifanya mtalii, huo ni mji wa kale na watu huenda kuutembelea.

Mama amekataa katakata. Mara baridi, mara Ramadhani imekaribia, mara mwanamke mtalaka hotelini peke yake watu watasemaje. Nimeshangaa, maana mtalaka huyohuyo anarudi peke yake kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow kila anapopangiwa shifti ya jioni, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nimesema nitakwenda. Mimi nilipoposwa waliulizwa watu, na kila mmoja alijibu "kheri tu". Kheri hiyo niliishi nayo miaka minne Slough, na kwenye shavu la kushoto bado ninayo kidogo. Huyu Ziyad nitamuuliza mpaka kwa paka wake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Zainab amempa notisi Bi Pramila wa duka la dawa. Mwisho wa Novemba anaacha kazi. Nikamwambia angengoja kwanza tumuulizie mtu wa watu, akasema, "Dada, wewe unaomba uambiwe baya." Imenichoma, kwa sababu si uongo mtupu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ramadhani. Msikiti mmoja ulianza jana, mwingine leo. Mama amefunga na wa jana, mimi na wa leo, na mezani hatusemezani.

Ijumaa, 7 Novemba. Aberdeen

Safari ya treni imechukua mchana mzima. Msafiri anaruhusiwa kula, lakini nimefunga kwa ukaidi. Baada ya Edinburgh bahari ilitokea upande wa kulia, nyeusi, haikuondoka tena.

Nyumba ya wageni ni safi. Mwenyewe ameniuliza kama nimekuja kwa mambo ya mafuta au kwa mambo ya makanisa. Nimesema makanisa.

Jumamosi, 8 Novemba. Aberdeen

Leo yamenikuta mambo. Nitayaandika kwa mpangilio, maana nisipoyapanga hapa sitayapanga popote.

Asubuhi nilikuwa mtalii kweli. Zainab alinipa kamera nimpigie picha kila kitu, mji atakaokaa. Nikajiunga na watu sita nyuma ya bibi mmoja wa Kiskoti mwenye koti la mvua la njano. Mji mzima umejengwa kwa jiwe moja gumu la kijivu. Mvua ikinyesha unakuwa mweusi, jua likitoka dakika mbili unametameta mpaka unafumba macho. Tuliingia kanisa kuu la kale lenye minara miwili, dari yake ya mbao imepambwa ngao za wafalme waliokufa zamani. Tukateremka mpaka bandarini. Meli za mafuta zimesimama mwisho wa mtaa wa maduka, ungedhani zinangoja basi. Mdomoni mwa bandari kuna vijumba vya wavuvi wa zamani, vyote vimeipa bahari mgongo. Bibi akasema ni kwa sababu ya upepo. Nikapiga picha, nikiwaza ni madirisha gani Zainab angeyapenda.

Mchana nikaenda kufanya kilichonileta. Kuna duka la Mhindi mmoja, Mahendra, mzaliwa wa Mombasa, anayeuza muhogo na mchele kwa kila Mwafrika wa mji huu. Nikachagua muhogo, nikaanza kwa mbali. Akanijibu kwa Kiswahili cha dukani kwamba Ziyad ni mtu mzuri, analipa, hapigi kelele, anambebea mama yake kapu. Nikamuuliza hasira zake je. Akasema hajaziona, lakini yeye humwona akinunua dengu tu, na kwenye dengu hasira haionekani. Jibu hilo lilinipendeza kuliko "kheri tu" zote nilizowahi kusikia. Kisha akauliza nimefikia wapi, na mimi mjinga nikamwambia.

Nikarudi, na sijavua hata viatu, mwenye nyumba ya wageni akagonga. Kuna mgeni wako chini. Nikamkuta mama wa makamo ya uzee, buibui juu ya koti zito, mkongojo mkononi. Alikuwa Bi Thuwaiba, mama yake Ziyad. Nilitaka ardhi ipasuke. Muulizaji akijulikana, aibu ni ya ukoo mzima.

Nikambusu mkono, nikaanza kutafuta uongo wa kusema. Hakuningoja.

"Mahendra aliponipigia simu kwamba kuna mwanamke wa London anamuulizia mwanangu, nilijua ni wewe," akasema. "Umefanya vyema. Mwanamke aliyekwisha kuumia lazima ajionee mwenyewe."

Nikadhani amechanganya. Nikamwambia mimi ni dada mtu, Ghalia, mtu mkubwa. Akasema ndiyo, Ghalia, kwani ni nani mwingine. Akanikumbusha siku niliyokwisha kuisahau, Januari mwaka jana, alipofika Heathrow kutoka Muskati na mzigo wake wenye dawa za moyo ukapotea. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kaunta ya mizigo. Nikamtafutia dawa, nikakaa naye mpaka jioni, kisha nikampigia simu mwanawe nikamgombeza vibaya kwa kumwacha mama yake asafiri peke yake. Bi Thuwaiba akacheka. Ziyad, anasema, tangu siku hiyo hajatulia.

"Mzee Msabaha aliniambia kwa mtalaka hakuna haja ya halua wala udi, mtu anaulizwa mwenyewe yakaisha," akaendelea. "Nikamwambia huyu apelekewe posa kama mwari. Aliyemvunjia heshima ni mwingine, sisi tutamrudishia."

Basi heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Wangeleta maneno matupu, kila mtu angejua ni mimi. Wameleta hariri, na nyumba nzima ikamtazama Zainab.

Sikumweleza kwamba kwetu wanadhani ni Zainab. Alinichukua nyumbani kwake tukafuturu, uji wa pilipili manga na kaimati, na jua lilizama mapema mno. Tulipokuwa tukinywa kahawa Ziyad akaingia kutoka msikitini. Ana miaka arobaini na moja, kipara kimeanza, mikono mikubwa. Hakuingia sebuleni, alisimama ukumbini, akatoa salamu, akatazama zulia.

"Bi Ghalia, mama amesema umekuja kuniulizia," akasema. "Nimekuandikia namba za simu za watu watatu ninaofanya nao kazi. Wa mwisho hanipendi. Muulize huyo kwanza."

Nikaichukua karatasi. Nilimkasirikia kwa kuwa na akili. Halafu, njiani kurudi, nikajikuta nacheka peke yangu barabarani kwenye upepo, nikakumbuka Zainab, kicheko kikanikauka.

Jumapili, 9 Novemba. Ndani ya treni

Nimempigia yule asiyempenda. Anasema Ziyad ni mbishi, hakubali kusaini kitu ambacho hajakikagua kwa macho yake, na kwa sababu yake kazi huchelewa. Nikamuuliza akibishiwa hufanyaje. Akasema hunyamaza, huenda kupika chai, hurudi kubisha tena.

Nimemwomba Bi Thuwaiba asipige simu kwetu mpaka jibu litoke. Amekubali, akidhani ninaona haya.

Jumatatu, 10 Novemba

Zainab alinipokea stesheni jana usiku. Alitaka kujua kila kitu kwa mpigo, nikamwambia ni mtu mwema. Ndilo la kweli pekee nililoweza kulisema.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimemwambia mama. Zainab alikuwa kazini, mama anakanda unga wa maandazi. Nilianza mbali, nikasema kuna kosa limetokea, halina mkosaji, tulirekebishe kabla halijawa aibu. Nikamweleza Bi Thuwaiba alichosema. Mama hakuacha kukanda.

"Najua," akasema.

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikarudia.

"Nimekusikia. Msabaha alinitajia jina lako mlangoni, alipokuwa anavaa viatu."

Nilimuuliza kwa nini. Alijibu bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kujibizana na nafsi yake siku nyingi. Alisema mimi nilikwisha kupata wangu. Akiwa mbaya akiwa mzuri, nilivaa hariri, nilipakwa hina, nilitolewa mlangoni kwa vigelegele. Zainab hajapata hata siku moja ya hayo, na kila mwaka anaozeshwa mtoto wa watu mwingine yeye anashika mshumaa. Ami akikwisha kutoa jibu kwa jina la Zainab, wale watu wa Aberdeen wataona haya kulirudisha. Watamchukua, watampenda, Zainab anapendeka.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe umezoea," akasema mama.

Nikatoka nikaenda kusimama uani penye mapipa ya taka mpaka adhana ya magharibi ikalia kwenye redio. Kwa hiyo ndiyo sababu hakutaka niende. Zaidi ya mwezi nimedhani ananihurumia baridi.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijasema.

Jumapili, 16 Novemba

Picha zimesafishwa. Zainab amezibandika mlangoni mwa kabati, zile za vijumba vya wavuvi juu. Ananiuliza kama wanawake wa huko wanavaa viatu vya mpira. Ami Seif alikuja kufuturu, nikamtolea taarifa yangu ya uchunguzi mbele ya mama: dini anayo, kazi anayo, hasira hana, mama yake ni mtu na nusu. Ami akasema alhamdulillahi, mwanangu, umetufaa. Mama akanipa kipande kikubwa cha samaki.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Kazini abiria amenitukana kwa sababu ya begi la magongo ya gofu. Nikamwacha atukane.

Jumamosi, 22 Novemba

Sijasema. Mama ananitazama kila nikifungua mdomo, hata kuomba chumvi.

Nimejiuliza sana ninamwonea nani uchungu. Nikisema ni Zainab, najidanganya nusu. Namfikiria mtu aliyesimama ukumbini akitazama zulia. Nina miaka thelathini na tisa, na nilikwisha kukubaliana na mwili wangu kwamba tumalize salama. Sasa umeamka, na mimi nauonea haya.

Jumanne, 25 Novemba

Idi. Zainab amevaa kanga mpya na amechekacheka siku nzima. Jumapili Mzee Msabaha anakuja kuchukua jibu.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimemwambia.

Nilimfuata chumbani, nikakaa kwenye kitanda chake, nikasema posa haikuwa yake. Nilimweleza Heathrow, dawa za moyo, simu, na kwa nini hariri ililetwa. Sikumwambia kwamba mama anajua. Hilo nilimsitiri mama, sijui kwa nini, labda kwa mazoea.

Zainab alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka blauzi ya mwisho.

"Umekwenda huko siku tatu," akasema, "umerudi na mume wangu."

Nikaapa. Nikamwambia ampigie Bi Thuwaiba mwenyewe, namba hii hapa. Akasema hataki namba ya mtu. Akasema tangu nilipoachwa sijawahi kuvumilia kumwona mwanamke anaolewa, nikikaa arusini natafuta kasoro kwenye wali. Akanionyesha mlango. Nikatoka, na mengine katika aliyoyasema ni kweli.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo ilikuwa siku yake ya mwisho kwa Bi Pramila. Wamempa maua. Ameyatia kwenye ndoo bafuni, hasemi na mtu.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekata shauri. Ninyamaze. Mume si kitu cha kugombania na mtoto niliyembeba mgongoni. Waende wakajibu watakavyo, na Ziyad atafahamu, au hatafahamu. Nimeipasua ile karatasi ya namba.

Jumapili, 30 Novemba

Mzee Msabaha alifika baada ya adhuhuri. Ami Seif akakaa naye sebuleni. Sisi watatu tulikuwa jikoni, mlango umeegeshwa, mama kajifunga kanga mbili, Zainab kasimama karibu na dirisha. Alikuwa mweupe midomo. Siku tatu hajanitazama, na leo hakunitazama vilevile.

Baada ya maneno ya adabu Ami akaja mlangoni. Walii lazima asikie ridhaa kabla hajajibu. Akasema, "Zainab, mwanangu, watu wa Aberdeen wamekuposa. Umeridhika niwajibu?"

Zainab akanyamaza.

Nilimtazama mdogo wangu, nikaona kidevu kinamtikisika. Hakuwa anakubali. Hakuwa anakataa. Alikuwa hajui, na alikuwa anaogopa kujua.

"Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake, shemeji," akasema mama. "Kamwambie mzee tayari."

Ndivyo ilivyo kwetu na ndivyo fiqhi inavyosema: mwari akinyamaza amekubali. Ami akatabasamu, akageuka. Hatua mbili zaidi na ingekuwa imekwisha, Zainab ameolewa kwa sababu koo lilimkauka, na mtu aliyemtaka mwingine.

"Ami," nikasema. "Posa ni yangu."

Akasimama. Mama akasema mwanawe ana homa tangu Idi, asinisikilize. Nilitaka kumjibu, lakini kutoka sebuleni Mzee Msabaha akakohoa. Alikuwa amesikia yote. Akasema, kwa sauti ya mtu anayevuliwa nguo, kwamba anaomba radhi kutaja jina la mtoto wa watu, lakini hili asipolisema leo atakwenda kulijibu kesho kwa Mungu: aliyeposwa ni Ghalia, na jina hilo alimtajia Bi Raya mwenyewe, mlangoni, siku ile ile.

Bi Raya ni mama yetu. Hapo ndipo Zainab aliponitazama kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama mama. Mama alikuwa anafuta meza safi.

Ami Seif alikaa kwanza kwenye kiti cha jikoni. Akaniuliza, polepole, mimi nasemaje. "Wewe si mwari," akasema. "Kimya chako hakinitoshi. Nataka nisikie mdomo wako."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisema kwa ajili ya Zainab, kumwokoa na ndoa ya hila. Ingekuwa vizuri kuisoma baadaye. Nilisema kwa sababu namtaka mtu yule. Nilisema mbele ya mdogo wangu, nikimwona.

"Nimeridhika, Ami. Namtaka."

Ami akainuka, akarudi sebuleni, nikasikia fatiha inasomwa. Fatiha ikisha, wanaume hungoja kigelegele kutoka jikoni. Bila hicho furaha haijatangazwa na mshenga haondoki. Tukawasikia wanangoja. Kiti kililia, mtu akasafisha koo. Mimi siwezi kujipigia mwenyewe, na mama alikuwa amegeukia ukutani.

Zainab ndiye aliyekipiga. Kilipanda juu, kikakatika katikati, akavuta pumzi akakipiga tena mpaka mwisho, machozi yanamtiririka. Alikipiga akimtazama mama. Kisha akapita baina yetu bila kunigusa, akapanda ngazi, akafunga mlango kwa ufunguo, na mpaka sasa ninapoandika hajaufungua.